Bawa la Kushoto

Ijumaa asubuhi, saa moja kasoro, Tunu Sadock alikuta kufuli la karakana ya Mzee Aniceti limelala kizingitini, limekatwa. Alikuwa amefika Nakwa, pembezoni mwa mji wa Babati, na kanga mbili za kufungia ndege ya mbao, maana kesho yake ilitakiwa kupelekwa Singe. Upepo wa Julai ulikuwa unashuka kutoka mlima Kwaraa na kuupigapiga mlango, na kila mlango ulipogonga fremu, Tunu alishtuka upya.

Aliingia. Ndege ilikuwepo, imesimama juu ya meza ya kazi kwenye magurudumu yake matatu, na kwa muda mfupi Tunu aliweza kupumua. Kisha akainyanyua na kuigeuza tumbo juu. Chini ya bawa la kushoto rangi ilikuwa imeondolewa mpaka mbao ikaonekana, eneo linalotosha kiganja cha mtoto. Tunu hakulia. Aliirudisha mezani taratibu, akatoka, akabisha kwenye nyumba ya mzee bila kuitikiwa, akasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita na kumwambia dereva ampeleke polisi.

Kesi ikamwangukia Sajenti Naiputa Olais wa upelelezi. Kituoni walimtania kwamba kiti chake ndicho kipya kuliko vyote, kwa kuwa hakuwahi kukikalia kiasi cha kukichakaza. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Kiteto, mwenye miguu isiyotulia, na maelezo ya Tunu aliyasikiliza akitembea kati ya dirisha na mlango huku chai yake ikipoa mezani.

"Hebu nielewe vizuri, dada," alisema. "Mtu amevunja karakana yenye misumeno, randa na makopo ya rangi. Vyote ameviacha. Amekwangua ndege ya kuchezea, akaenda zake."

"Si ya kuchezea, afande."

"Ni ya nini?"

Tunu alikunja kanga zake mapajani, akazikunjua, akazikunja tena. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amezoea kueleza mambo kwa mpangilio, lakini hili lilimtoka kwa vipande.

"Baba yangu alikuwa rubani wa jeshi. Kapteni Sadock. Mwaka themanini na mbili ndege yake ilianguka kwenye mazoezi, mimi hata kutembea sijaanza. Watu wakasema alikuwa amelewa. Walisema na kusema mpaka mama amekufa akiyasikia. Baba yangu mkubwa, Ombeni, ndiye mwenye shamba la familia kule Singe, na hajawahi kukubali jina la baba liwekwe kwenye makaburi yetu. Nimembembeleza miaka yote hii. Sasa amekubali tusimike msalaba wa kumbukumbu kesho, kando ya kaburi la mama."

"Vizuri."

"Msalaba hauna jina, afande. Amesema kwanza atawasikiliza wazee waliofanya kazi na baba. Wanatoka Arusha na Moshi, mafundi wa ndege wastaafu. Akiridhika, jina litaandikwa. Asiporidhika, halitaandikwa tena maisha yake yote. Na ndege ile ilikuwa isimame mbele ya watu, waone baba alikuwa anafanya kazi gani. Kwenye simulizi za baba mkubwa, baba ni mlevi tu."

Naiputa akaacha kutembea. Alichukua kofia yake, na chai ikabaki pale pale.

*

Karakana ilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya nyumba ya Mzee Aniceti. Mzee huyu alihamia Babati wakati mkoa wa Manyara ulipoanzishwa na kila ofisi mpya ikawa inatafuta meza na makabati. Lakini kabla ya useremala alikuwa fundi wa ndege za kivita, na ndege aliyoihudumia kwa muda mrefu kuliko zote ni ile ya Kapteni Sadock. Alipofika mjini alimtafuta mtoto wa rubani wake mpaka akampata. Siku ya harusi ya Tunu yeye ndiye aliyemshika mkono kuingia kanisani, na Tunu alimwita baba bila kuona haya.

Naiputa hakuwa mtu wa kusifia vitu, ila ile ndege aliizunguka mara mbili. Ilichongwa kwa mbao ya msonobari, kila kitu kikipunguzwa mara ishirini, ikawa na urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi kwenye kifundo. Mgongoni ilipakwa kijani na kahawia, tumboni kijivu cha bluu, rangi zikiingiliana kwa brashi nyembamba kiasi kwamba mpaka wake haukuonekana. Kila ribiti, kile kijimsumari kinachoshikiza mabati ya ndege, ilikuwa nukta iliyowekwa kwa mkono. Hata moshi uliopaka weusi nyuma ya mkia ulikuwepo.

"Rangi gani hii?" aliuliza.

"Ya mafuta," Tunu akajibu. "Inachukua siku mbili kukauka vizuri. Ndiyo maana hata ikirekebishwa leo, kesho haitashikika."

Naiputa aliinama kwenye jeraha la bawa. Alitarajia mikwaruzo ya kisu au msumari. Akakuta mbao laini, iliyopigwa msasa kwa kufuata mishipa yake, kingo zimemalizwa vizuri na vumbi limefutwa. Mharibifu huyu alikuwa na adabu.

"Na hivi vyekundu ni nini?"

Mdomo wa mbele wa ndege, ule unaovuta hewa, ulikuwa umezibwa kwa kifuniko chekundu cha mbao. Kingine kiliziba mkiani, na kutoka kila kimoja ulining'inia utepe mwekundu.

"Ni vifuniko vyake. Ndege ikiwa chini inafunikwa ili vumbi na ndege wasiingie kwenye injini. Utepe ni ili rubani asisahau kuvitoa." Tunu alikunja uso. "Lakini jana jioni havikuwepo. Baba Aniceti alikuwa amemaliza kupaka puani rangi ya fedha, akasema tuache wazi mpaka Jumamosi. Vifuniko vilikuwa ndani ya kopo lile pale la majani ya chai."

Naiputa alivuta kifuniko cha mbele kwa ncha za vidole. Kilikuwa kimeganda, na kilipotoka kikabeba rangi ya fedha kwenye ukingo wake. Aliyekiweka alikiweka rangi ikiwa mbichi.

Jambo hilo lilimkera kuliko kufuli lililokatwa. Mtu anayeingia kuharibu haanzi kutafuta kopo la majani ya chai.

Alitoka kizingitini, akaokota kufuli. Upinde wake ulikatwa kwa msumeno wa chuma, mkato safi. Mashavuni, upande huu na upande huu, palikuwa na alama za meno madogo yaliyojipanga. Koleo, aliwaza Naiputa, mwizi alilishika kwa koleo ili lisichezecheze. Komeo la mlangoni na mbao iliyolizunguka havikuwa na mchubuko hata mmoja. Akalitia kufuli kwenye bahasha.

Mzee Aniceti alitokea akiwa na mkate chini ya kwapa. Alipowaona, akasimama. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani mizito na vidole vilivyotiwa rangi ambayo sabuni ilishaikatia tamaa.

"Shikamoo mzee," Naiputa alisema.

"Marahaba. Kuna nini?"

Tunu akamwonyesha bawa. Mzee aliliangalia, akaweka mkate mezani, akakaa kwenye kigoda.

"Ufunguo wa kufuli unao nani?" Naiputa aliuliza.

"Mimi tu. Huu hapa mfukoni."

"Jana ulifunga saa ngapi?"

"Tunu na Mustapha waliondoka kama saa kumi na mbili. Nikafunga, nikaingia ndani, nikalala mapema. Upepo ulikuwa mwingi, sikusikia kitu."

"Mustapha ni nani?"

"Rafiki. Anauza kahawa karibu na stendi. Alikuwa jeshini."

"Hivi vifuniko, mzee. Nani mwingine hapa Babati anajua vinavyowekwa?"

Mzee Aniceti alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Labda Mustapha," alisema. "Anasema alikuwa fundi kama mimi."

"Mligombana?"

"Tulibishana kidogo jana. Yeye anasema tumbo lilikuwa kijivu tu. Mambo ya wazee, afande. Mimi naona tusimsumbue mtu. Nitaongea na Tunu, tutaiweka hivyo hivyo."

"Haiwezi kuwekwa hivyo hivyo, baba," Tunu alisema. "Baba mkubwa anatafuta sababu tu ya kukataa."

Na hapo Naiputa akajua aanzie wapi.

*

Alimkuta Ombeni shambani Singe, saa tatu unusu, akiwasimamia vijana waliokuwa wanapukuchua mahindi. Makapi yalipeperuka kila upande na Ombeni alikuwa akiyafokea kama watu.

"Nimesikia," alisema hata kabla ya salamu kuisha. "Mji huu hauna siri. Na ninyi mmekuja kwangu kwa sababu nilisema ile ndege haitaingia shambani."

"Ulisema?"

"Nilisema mbele ya watu, kanisani. Sadock alipewa na serikali ndege ya mamilioni akaiangusha kwa pombe. Leo watu wachonge kijindege tukipigie makofi?"

"Kesho utakubali jina liandikwe?"

"Nimesema nitasikiliza. Wakija wazee wakaniambia kitu cha maana, nitasikiliza. Wakija kunisomea sifa za marehemu, wale wali, waende zao." Akapunguza sauti. "Afande, mimi ningekuwa nimeingia mle, usingekuta ndege. Ningeichoma yote, na ningekaa hapo hapo nikiota moto. Sina ufundi wa kukwangua."

Kisha akainua mkono wa kulia, na mkono wa kanzu aliyovaa kazini ukarudi nyuma. Kuanzia vidoleni hadi kiwikoni ulikuwa kwenye plasta. Alikuwa ameanguka na baiskeli wiki iliyopita, na hospitali walikuwa wamempa miadi ya kuja kuikata mwezi ujao.

Naiputa alirudi kwenye pikipiki yake amekasirika, kwa sababu alimwamini. Mtu mwenye hasira ya wazi namna ile hapigi msasa kwa kufuata mishipa ya mbao.

Saa tano alikuwa stendi. Mustapha alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya kufuma, mtu wa Kondoa, na kwenye jiko lake la kahawa palikuwa na wateja wanne wakisikiliza jinsi alivyowahi kubadilisha injini ya ndege ya kivita usiku mmoja, taa zimezimwa. Alipomwona sajenti, injini ikaishia njiani.

"Mzee Mustapha, twende kituoni tukaongee."

"Kuhusu nini?"

"Ndege."

Wateja waliangaliana. Mustapha alizima jiko lake, akamwachia jirani birika, akafuata.

Kituoni Naiputa aliweka vifuniko viwili vyekundu mezani, na bahasha ya kufuli pembeni. Kwa mara ya kwanza siku ile, alikaa.

"Jana ulikuwa karakanani kwa Mzee Aniceti."

"Nilikuwa na Tunu. Tumeondoka pamoja, muulize."

"Mkabishana."

"Kuhusu rangi ya tumbo. Nilikosea, nikakubali."

"Baada ya hapo ukarudi usiku. Ukakata kufuli, ukakwangua bawa. Na kwa sababu mazoea ni mazoea, ulipomaliza ukaifunika ndege, kama fundi yeyote wa jeshi la anga anavyofunika ndege yake. Babati nzima mafundi wa ndege mko wawili. Mmoja ndiye aliyeitengeneza."

Mustapha alivua kofia yake ya kufuma. Jasho lilimtoka ingawa upepo ulikuwa unapita dirishani. Naiputa alimngoja, na kwa mtu wa aina yake kungoja ni kazi ngumu kuliko kukimbiza mwizi.

"Afande," Mustapha alisema mwishowe, "mlango umefungwa?"

"Umefungwa."

"Mimi sijawahi kuwa fundi wa ndege."

"Watu wote pale stendi wanasema..."

"Watu wa stendi nimewadanganya miaka minane. Nilikuwa mpishi. Nilipika maharage na ugali wa kikosi mpaka nikastaafu. Ndege sijawahi kuigusa hata kwa kijiko. Aniceti hakunijua jeshini, nilipitia kambi nyingine kabisa. Tafadhali usiwaambie."

Naiputa alijikuta anataka kucheka, akajizuia. "Lakini hivi vifuniko unavijua."

"Navijua, kwa sababu ndivyo vilivyonitesa. Unapika, unapakua, unapiga kengele. Wote wanakuja, mafundi wa ndege hawaji. Chakula kinapoa. Ukiwafuata, wapo wanafunika. Mafundi wangeweza kusahau kula, kusahau mshahara, kusahau wake zao. Kufunika hawasahau. Mtu akitoka chini ya bawa, mkono unaenda kwenye kifuniko wenyewe, hata awe anaumwa, hata awe amepata habari ya msiba."

Naiputa alikuwa ameshasimama tena. Alitembea mpaka dirishani.

"Jana uliiona ndege upande wa chini?"

"Niliigeuza mwenyewe. Ndiyo kwanza nikaona kile kiraka."

"Kiraka gani?"

"Chini ya bawa la kushoto. Kipande cha mraba, rangi yake imekolea tofauti kidogo, na ribiti zake zimebanana kuliko pengine. Kizuri kweli, kama bati lililopachikwa. Tunu alikuwa ameshatoka nje; nikamtania Aniceti, nikamwambia, wenzako wakija Jumamosi watakuuliza hiki kiraka kimetoka wapi. Akasema ni brashi tu ilikolea. Basi, tukaondoka."

"Alisema brashi ilikolea."

"Ndivyo alivyosema."

Naiputa alirudi mezani. Alilitoa kufuli kwenye bahasha, akaligeuza upande mmoja, akaligeuza wa pili. Alama za meno zililingana kabisa, zimenyooka, zimebanwa kwa nguvu moja kutoka pande mbili. Mkono wa mtu aliyeshika koleo kizingitini gizani hautulii hivyo.

"Mzee Mustapha, nenda kauze kahawa," alisema. "Na ile injini, malizia kuwasimulia."

*

Saa tisa alasiri Naiputa alimchukua Tunu shuleni, akafika naye Nakwa. Mzee Aniceti alikuwa karakanani. Alikuwa ameketi mbele ya ndege bila kufanya kitu, mikono mapajani, na mkate wa asubuhi ulikuwa bado mezani haujakatwa.

Naiputa hakusalimia kwa mara ya pili. Alikwenda kwenye jiliwa lililofungwa mwisho wa meza, lile ambalo seremala hubania mbao au chuma anachokikata, akaliweka kufuli kati ya taya zake, akakaza. Meno yaliingia kwenye alama zake bila kubakiza nafasi. Kisha akachuchumaa, akapitisha kidole sakafuni chini ya jiliwa, akakiinua. Kidole kilikuwa na vumbi la chuma, jipya, linalong'aa.

"Kizingitini hakuna vumbi la chuma," alisema.

"Upepo," Mzee Aniceti alisema.

"Nimefikiria upepo. Lakini mtu anayekata kufuli likiwa mlangoni atachubua komeo, atachubua mbao. Havijachubuliwa. Kufuli hili lilikatwa humu ndani, kwenye jiliwa hili. Ili liingie humu ndani likiwa zima, lilifunguliwa kwanza kwa ufunguo. Ufunguo ni mmoja."

Tunu alimtazama Naiputa, akamtazama mzee, akarudi kwa Naiputa. "Afande, unasema nini?"

"Nasema mwizi angeivunja ndege. Baba yako mkubwa angeichoma. Aliyeiharibu alishindwa kuivunja. Aliondoa kiraka kimoja tu, kwa msasa, kwa upole, akafuta na vumbi. Alipomaliza mkono ukaenda kwenye vifuniko wenyewe, na hakukumbuka hata kwamba rangi ya pua ilikuwa mbichi. Rangi aliyoipaka mwenyewe mchana wake." Naiputa alimgeukia mzee. "Asubuhi nilipokuuliza nani anajua kazi hii, ukanipa jina la Mustapha. Nimemkalisha yule mzee kituoni bure. Sasa uniambie mimi na huyu dada: kile kiraka kilikuwa nini?"

Mlango uligonga. Mzee Aniceti aliinuka kwenda kuufunga, akafika katikati ya chumba, akasahau alichoinukia.

"Baba," Tunu alisema. "Si kweli, sivyo?"

"Ni kweli, mwanangu."

Tunu alikaa kwenye kigoda alichokiacha mzee.

"Bawa la ndege ya baba yako lilikuwa na ufa," Mzee Aniceti alisema. Alizungumza akiiangalia ndege. "Niliuona mimi, siku mbili kabla haijaanguka. Bawa la namna hiyo linashushwa, ndege inakaa chini mpaka kipuri kije, na kipuri kilikuwa hakiji. Mkubwa wangu alikuwa anataka ndege zote angani wiki ile. Hakuniambia nidanganye. Aliniuliza tu kama itakuwa tayari, na mimi nilikuwa kijana, nilitaka kuonekana fundi. Nikapachika bati, nikapiga ribiti, nikapaka rangi. Kazi nzuri. Hakuna aliyeijua ila mimi."

"Na baba?" Tunu aliuliza.

"Asubuhi ile aliizunguka ndege kama kawaida yake. Akaniuliza, Aniceti, inaruka? Nikamwambia inaruka."

Nje bodaboda ilipita, muungurumo wake ukaenda mbali mpaka ukaisha.

"Ilipoanguka walituuliza mmoja mmoja. Nikasema ilikuwa nzima. Basi likabaki kosa la rubani. Halafu yakaanza maneno ya pombe, sijui yaliletwa na nani. Sikuyaleta mimi. Ila niliyasikia yakizunguka na nikanyamaza, kwa sababu yalikuwa yananisaidia."

"Mama aliyasikia mpaka kufa," Tunu alisema. "Ulikuwa unakuja kumtembelea hospitali. Ulikuwa unakaa pale kitandani."

"Nilikuwa nakaa."

"Kwa nini ukakipaka?" Naiputa aliuliza. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua tangu kituoni. "Ndege ni yako, umeichonga mwenyewe. Ungeacha bawa lote liwe sawa, nani angejua?"

Mzee Aniceti alitazama vidole vyake. "Ndege ile naijua kila ribiti. Nilikuwa napaka tu, afande, nafuata ninavyoikumbuka. Nilipoinua brashi, kiraka kilikuwa pale. Nikasema nitakifuta kesho. Kila siku nikasema kesho. Sijui kama nilikuwa nataka aone au nilikuwa nataka asione. Kisha Mustapha akanitania, nikakumbuka wanaokuja ni mafundi. Fundi yeyote akiangalia pale mara moja tu, anajua. Nikipaka upya rangi isingekauka, na Tunu alishaiona nzima. Ikabidi awepo mwizi."

"Ungemwachia Mustapha kesi?"

"Sijui." Alitikisa kichwa. "Nimekaa hapa tangu asubuhi najiuliza hilo hilo. Sijui."

Naiputa alikuwa amewahi kuwakamata watu waliofanya makubwa kuliko haya, na walimwacha ametulia. Huyu alimkosesha raha. Alitaka kumkemea, na alitaka pia ampe maji. Akachagua kazi.

"Kuidanganya polisi ni kosa. Ndege si mali yako peke yako, uliitengenezea familia. Jumatatu nitafungua jalada."

"Fungua hata leo."

"Leo hapana," Tunu alisema. Aliinuka. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Kesho atakuwa Singe saa nne. Wazee wakishakaa, atasema yote aliyoyasema hapa, mbele ya baba mkubwa. Asipokuja, afande, ndipo umfuate popote alipo."

"Nitakuja," Mzee Aniceti alisema.

Tunu alizichukua kanga zake. Aliifunga ndege, bawa lililokwanguliwa likiwa limeelekea chini, akaondoka nayo bila kuaga.

*

Jumamosi upepo haukupungua. Turubai lililofungwa juu ya wageni lilipiga kelele kiasi kwamba mchungaji alilazimika kurudia sala. Naiputa alisimama nyuma kabisa, nguo za kiraia, akihama kutoka nguzo hadi nguzo. Mustapha naye alikuja, akakaa kwa heshima kati ya mafundi wa Arusha na hakuthubutu kufungua mdomo.

Mzee Aniceti alipewa nafasi ya kwanza. Hakusoma sifa za marehemu. Akiwa kando ya ndege ya mbao, alieleza ufa, bati, ribiti, na lile swali la asubuhi na jibu lake. Mafundi wenzake walianza kwa kutikisa vichwa, kisha wakaacha, wakatazama chini. Mmoja wao aliinuka akatoka nje ya turubai.

Ombeni aliuliza swali moja tu.

"Alikuwa amekunywa?"

"Hapana. Alikuwa amekunywa chai, na mimi. Sijawahi kumwona Sadock amekunywa siku ya kuruka."

Ombeni aliinuka, akauendea msalaba uliokuwa umelazwa kwenye nyasi. Alimwomba mtu brashi na rangi nyeusi. Kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, aliandika kwa kushoto, herufi kubwa zilizopinda, moja baada ya nyingine, na hakumruhusu yeyote amsaidie. Tunu alipiga magoti, akaushikilia msalaba usitikisike. Jina lilipoisha alikuwa analia, na watu walimwacha alie.

Msalaba ulisimikwa. Chakula kilipoanza kupakuliwa, Ombeni alimfuata Mzee Aniceti, ambaye alikuwa ameshatoka kwenye turubai na kusimama peke yake karibu na pikipiki ya sajenti.

"Jeshi walinitumia gari," Ombeni alisema. "Mwaka ule. Gari la kwenda kumchukua ndugu yangu nimlete nyumbani. Askari alikaa uani kwangu tangu asubuhi mpaka jioni, akiningoja nipande. Nikamwambia mlevi mzikeni huko huko. Mama yangu alikuwa ndani, anasikia. Hakuwahi kuliona kaburi la mwanawe."

Mzee Aniceti alimtazama. Akavua miwani.

"Nilikuwa nataka tu ujue," Ombeni alisema.

Tunu alikuja akiwa na sahani mbili. Moja alimpa Naiputa. Ya pili alimpa baba yake mkubwa, akamshika mkono wake mzima, wakarudi pamoja kwa watu.